Japani: taifa lililozeeka, na nani atawatunza wazee

Mijadala mingi kuhusu kuzeeka kwa idadi ya watu duniani huanza na dawa na hospitali, kana kwamba tatizo ni wazee kukataa kufa. Japani, ambako takribani watu 29 katika kila 100 wamefikisha umri wa miaka 65 au zaidi, inaonyesha kuwa hiyo ni sehemu tu ya sababu, tena kwa maoni yangu si ile kubwa. Ni kweli kwamba maisha yamerefuka: waliofikisha miaka 100 walikuwa 153 mwaka 1963, na mwaka 2024 walizidi 95,000. Serikali huwatunuku kikombe cha fedha wanaotimiza umri huo, lakini wamekuwa wengi kiasi kwamba tangu mwaka 2016 kikombe hicho hupakwa fedha kwa juu tu, ili kupunguza gharama.

Lililobadilisha sura ya taifa hasa ni uhaba wa watoto. Mwaka 1949 walizaliwa watoto wapatao milioni 2.7, mwaka 2024 hawakufika 700,000. Mara tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia mwanamke alizaa kwa wastani watoto zaidi ya wanne, na miaka kumi baadaye wastani ulikuwa umeshuka hadi wawili hivi, yaani zamani kabla ya simu za mkononi na intaneti ambazo siku hizi hulaumiwa kwa kila jambo. Gharama za elimu, nyumba finyu za mijini na saa nyingi za kazi ziliendeleza mporomoko huo, huku wanawake wakiingia maofisini bila kupunguziwa kazi za nyumbani. Wengi huchelewa kuolewa au hawaolewi kabisa, na kwa kuwa watoto wanaozaliwa nje ya ndoa nchini humo ni wachache mno, ndoa zikipungua uzazi nao hupungua.

Matokeo yanayoonekana kwa macho ni shule zinazofungwa na nyumba tupu, ambazo hesabu ya mwaka 2023 ilizikuta zikiwa milioni 9. Zito zaidi, kwangu, ni lile la kumwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani mtu asiyejiweza. Kwa desturi kazi hiyo ilikuwa ya mke wa mwana mkubwa. Mwaka 2000 serikali ilianzisha bima ya matunzo ya muda mrefu, ambayo kila mtu huanza kuichangia akiwa na miaka 40, na ambayo humwezesha mzee kutembelewa na wahudumu nyumbani au kushinda katika kituo cha wazee kwa kulipa sehemu ndogo ya gharama. Naiona kuwa hatua ya busara kubwa, ingawa haikumaliza kazi: kila mwaka watu wapatao 100,000 bado huacha ajira ili kuwauguza jamaa zao, wengi wao wakiwa wanawake, na katika nyumba ambamo mgonjwa na mtunzaji wanaishi pamoja, mara nyingi wote wawili wameshapita miaka 65.

Kwa hiyo Japani, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa nzito kupokea wafanyakazi wa kigeni, ilianza mwaka 2008 kuwachukua wahudumu kutoka Indonesia, kisha Ufilipino na Vietnam, na mwaka 2019 ikapanua mlango kwa viza mpya. Hapa jambo hili linatugusa sisi pia, kwa sababu Waswahili wengi walioko Uingereza na Marekani wanaishi kwa kazi hiyohiyo, na Kenya imetia saini makubaliano ya wafanyakazi na Uingereza mwaka 2021 na Ujerumani mwaka 2024. Tunapoyajadili makubaliano hayo tunahesabu mishahara na fedha zitakazotumwa nyumbani. Sijasikia tukijadili vya kutosha kwamba muuguzi anayeondoka Kisii au Kakamega kwenda kumtunza mzee wa Ulaya naye ana mama anayezeeka, na kwamba fedha anazotuma mara nyingi humlipa msichana wa kazi ambaye hakufunzwa uuguzi, hana bima, wala hana uhakika wa pensheni atakapozeeka yeye.