Glutamati kwenye misuli ya buu wa nzi wa matunda: ninavyoipima

Aliyezoea misuli ya chura huja na asetilikolini, kemikali ambayo neva za chura humwaga ili kuamsha misuli. Kwa mdudu haitamfaa: asetilikolini hufanya kazi kwenye ubongo na uti wake wa neva, lakini kinachoamsha misuli ni glutamati.

Natumia buu wa hatua ya tatu, yule aliyeanza kupanda ukuta wa chupa. Nambana kwa pini mbele na nyuma, namchana mgongoni, natoa utumbo na mafuta, kisha nakata neva karibu na ubongo. Upasuaji wote naufanya kwenye maji yasiyo na kalsiamu, la sivyo misuli hujikunja na kuchanika. Maji ya kupimia yana, kwa milimola: NaCl 70, KCl 5, MgCl₂ 20, CaCl₂ 1.5, NaHCO₃ 10, trehalosi 5, sukari ya mezani 115 na HEPES (kemikali ya kutuliza pH) 5, pH 7.2.

Elektrodi ya kioo yenye KCl ya mola 3 (megaomu 10 hadi 20) naichomeka kwenye msuli namba 6, pingili ya tatu ya tumbo. Volteji ya utando wa msuli uliotulia ikiwa dhaifu kuliko −60 mV (yaani karibu zaidi na sifuri), msuli huo nauacha. Mkondo wa vipokezi (protini za msuli zinazopokea glutamati na kupitisha umeme) hubadili mwelekeo karibu na 0 mV, kwa hiyo utando uliopoteza chaji hutoa jibu dogo hata kama vipokezi ni vizima.

Kazi ngumu ni kuifikisha glutamati. Ukiimwaga bakulini, vipokezi hufunguka mara moja kisha hufa ganzi, nawe utadhani dawa imeharibika. Natumia pipeti yenye glutamati ya mola 1, pH 8, naisukuma nje kwa mkondo hasi wa milisekunde moja hivi. Kati ya mipigo nazuia uvujaji kwa mkondo chanya mdogo. Majibu yakipungua taratibu, nashuku uvujaji kwanza: naisogeza pipeti mbali na kusubiri, kwani hapo hakuna kimeng'enya cha kuikata glutamati, huondoka kwa kusambaa na kunyonywa na seli za glia (seli zinazohudumia neva).

Usipime vipokezi kwa kushtua neva peke yake. Buu asiye na GluRIIA, kimoja cha vipande vinavyounda kipokezi, huonyesha jibu la neva karibu la kawaida, kwa sababu neva hufidia kwa kumwaga vifuko vingi zaidi vya glutamati. Upungufu huonekana kwenye vijibu vya kifuko kimoja kimoja, ambavyo kwa buu mzima huwa karibu 1 mV.