Uji wa Baba

Ilianza kwa tonge la mkate wa mofa kumkwama Baba, tukamcheka kuwa ana haraka. Baada ya miezi mitatu hata wali hauteremki, na kituo kimoja bado kinampa vidonge vya vidonda vya tumbo. Kamera ya kuingizwa kooni ndiyo iliyosema kweli: saratani ya umio, njia ya chakula, na imeshaingia kwenye tezi za jirani.

Tukapanda boti Mkoani, Pemba, tukalala Unguja, kesho yake Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road. Mionzi siku tano kwa wiki, jumla mara 28, na dripu za sisplatini, dawa ya saratani, humo humo. Nikauliza, kwani lazima vyote pamoja? Daktari akanieleza kuwa dawa huzizuia seli za saratani kujikarabati zikishapigwa na mionzi, tena huzifuata zilizotoroka mbali. Katika utafiti mmoja wa Marekani, waliopata mionzi peke yake hakuna aliyefika miaka 5. Waliochanganyiwa, robo hivi walifika.

"Robo si haba," Baba akasema. Mchuma karafuu huyo, mizani anaijua.

Wiki ya tatu koo likamwaka kama limepakwa pilipili mbuzi. Nilikuwa nikimchujia uji wa mchele kwa kitambaa cha tui. Vijiko viwili, ananyanyua kidole: ngoja. Chupa za maji ya mshipani, za kulinda figo, zikamkesha chooni, na hilo ndilo alilolilalamikia zaidi.

Juzi kaomba mofa. Nikamrowekea kwenye mchuzi wa pweza, kipande kidogo kama ukucha.