Shahada Yangu Niliisomea Liwale, kwa Bando la Kuungaunga

Kila niliyemuuliza nitasomaje shahada kwa mtandao bila kuacha kazi alinijibu hivi: "Mwalimu, nunua laptopu na bando kubwa, basi." Ushauri wa watu wa mjini huo. Mimi nafundisha shule ya msingi wilayani Liwale, mkoani Lindi, na masika barabara ya kwenda Nachingwea ikishalowa, magari hulala njiani. Kuacha kazi nikapange chumba Dar hilo halikuwepo. Walimu waliotutangulia walisoma Chuo Kikuu Huria kwa makabrasha ya karatasi. Kwetu karatasi imetoka, bando limeingia. Nimemaliza kwa kishikwambi kile cha Sensa ya 2022 tulichogawiwa walimu, na simu ya mtumba ya laki moja na kitu. Laptopu sina mpaka leo.

Bando kubwa halisaidii kama hujui linakwenda wapi. Mimi nilinunua la usiku, GB kadhaa kwa bei ya soda mbili tatu, nikatega kengele saa nane usiku nipakue video za mihadhara. Nikawasha hotspoti kwenye simu, nikaunga kishikwambi, nikajilaza kidogo. Kuamka, bando limekwisha na video hata moja haijashuka. Mwizi alikuwa kishikwambi chenyewe. Nilikuwa nimekiamuru kisasishe programu zake kikiwa kwenye Wi-Fi tu, nikajiona mjanja. Kumbe hotspoti ya simu nayo kwake ni Wi-Fi! Dawa yake: kwenye mipangilio ya Wi-Fi gusa jina la hotspoti yako, ichague iwe mtandao wenye kipimo, yaani ambao data yake inahesabiwa. Tangu siku hiyo masasisho yakakoma, na video nazipakua kwa ubora wa 360 tu. Anayetaka kuona tai ya mhadhiri ikimeremeta, shauri yake.

Vipindi vya moja kwa moja nilivisikiliza bila picha. Kuzima kamera yako hakutoshi, zima na video zinazoingia. Sauti tupu hula kama MB 30 hadi 40 kwa saa; ukiacha video unaweza kumaliza nusu GB kabla mhadhiri hajafika katikati. Slaidi omba mapema, zifungue pembeni, fuata kwa masikio.

Kazi za kuandika ndizo zilizonitoa jasho. Kurasa 12 za mkono nilizipiga picha za rangi, zikafika MB 30 na ushee, wakati Moodle, mfumo wa chuo wa kupokelea kazi mtandaoni, ulipokea mwisho MB 5. Tumia programu ya kuskani, chagua nyeusi na nyeupe badala ya rangi, piga karibu na dirisha bila flashi: kurasa zilezile zikashuka chini ya MB 2. Mtandao wenyewe nao una hila. Pale mnara unapofika kwa shida, simu hurukaruka kati ya 4G na 3G, na kila ikiruka upakiaji unakatika na kuanza upya. Ifunge kwenye 3G peke yake. Itakwenda polepole, lakini itafika.

Na ukishapakia, usishangilie. Kwenye Moodle kuna kitufe cha kuhifadhi, halafu baadhi ya kozi zina kingine cha kuwasilisha. Mimi nilihifadhi, nikaenda kula ugali wangu kwa raha, kazi ikabaki rasimu hadi muda ukapita. Alama zilikatwa, na sikuwa na wa kumlaumu. Siku hizi nasubiri nione hali imeandikwa kuwa imewasilishwa, napiga picha ya skrini yenye saa, ndipo nanawa mikono.

Majaribio ya mtandaoni ni vilevile: saa inahesabiwa huko kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, si kwenye simu yako. Mtandao ukikatika dakika haziachi kwenda, ila majibu huwa yanahifadhiwa yenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo usifunge ukurasa kwa hasira. Weka laini ya kampuni nyingine kwenye simu, badilisha, ingia tena, endelea ulipoachia. Pawabenki ijae tangu jana yake, maana TANESCO hawana ratiba ya mitihani yako.

Mitihani ya mwisho nilisafiri kwenda kuifanyia kituoni mkoani. Likizo omba mapema, na nauli iweke kando tangu mwanzo wa muhula. Ya mwaka wa pili mimi niliila kwenye bando, nikaenda kukopa kwa mwalimu mkuu.