Nilivyopata zana zangu za kutia wino katuni

Ukurasa wa kwanza wa kitabu changu cha katuni niliuchora kwa penseli siku tatu, nikauharibu kwa wino ndani ya saa mbili. Penseli ilikuwa na uhai: bibi kizee ameketi mlangoni, shuka limemwangukia begani, mwanga unatoka kushoto. Nikachukua kalamu ya ncha ngumu, ile inayotoa mstari wa milimita 0.45 mwanzo hadi mwisho, nikapita juu ya kila alama niliyokuwa nimechora. Nilipofuta penseli nikaona mchoro uliokunjwa kwa waya. Shuka, mkono, ukuta na mlango, vyote unene mmoja. Hukuweza kujua kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma.

Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Kalamu ilikuwa imefanya kazi yake. Mimi ndiye sikuwa nimeuliza mstari ule unafanya nini pale. Upande unaopigwa na mwanga mstari unatakiwa uwe mwembamba, upande wa kivuli unenepe. Kilicho karibu kinapewa mstari mzito kuliko kilicho mbali. Kidevu kinapopita juu ya shingo, pale vinapokutana mstari unavimba kidogo. Kwa kalamu ngumu unaweza kupata hayo ukirudia mstari mara mbili tatu, ila inakula muda, na mstari hauna ule mteremko wa kutoka unene hadi wembamba. Nikaamua kujifunza kalamu ya kuchovya.

Nilianza na nibu ya G, yaani ncha ya chuma inayochomekwa kwenye mpini, inayopendwa sana na wachoraji wa manga, katuni za Japani, kwa sababu chuma chake kinatanuka ukiikandamiza na kurudi ukiachia. Siku ya kwanza wino ulikataa kabisa kukaa. Ulijikusanya matone matone kama maji juu ya jani la mgomba, kisha ukadondoka wote kwa mpigo katikati ya uso wa mhusika. Kumbe nibu mpya hupakwa mafuta kiwandani ili isishike kutu. Niliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikaisugua kwa kitambaa, nikaikausha. Nilipochovya tena, wino ulitandaa vizuri juu ya chuma. Wapo wanaoipitisha kwenye moto wa kiberiti. Mimi sifanyi hivyo, moto ukizidi chuma hulainika na nibu inapoteza mnyumbuko wake.

Nibu inataka kuvutwa kuja kwako. Ukiisukuma mbele, meno yake mawili yanachimba karatasi, na yakinasuka yanarusha vinyunyu vya wino kila mahali. Kwa hiyo nazungusha karatasi badala ya kukunja kiganja. Nachovya hadi kwenye kitundu cha katikati tu, nagusa mdomo wa chupa kuondoa tone la ziada, ndipo nachora. Karatasi nayo ilinipa somo: ile ya kawaida ya printa inanyonya wino, na mstari unaota vinyweleo pembeni. Nilipohamia karatasi ya Bristol, karatasi nene ya kuchorea yenye uso laini, nibu ile ile ilitoa mstari safi kama wa wembe.

Brashi ndiyo niliyoiogopa kuliko zote, na sasa ndiyo niipendayo kuliko zote. Natumia namba 2 ya manyoya ya kolinsky, mnyama wa Siberia wa jamii ya kicheche. Winsor & Newton walitengeneza brashi zao za Series 7 mwaka 1866 kwa agizo la Malkia Victoria, aliyekuwa akichora kwa rangi za maji; mpaka leo wapo watia wino wa katuni wasiotaka nyingine, hasa namba 2 na 3. Siri ya brashi nzuri ni kwamba tumbo lake linabeba wino mwingi huku ncha ikibaki kali kama sindano.

Mstari wa shuka ulinichukua majuma mawili ya mazoezi. Unagusa karatasi kwa ncha tupu. Unapolikaribia bega unakandamiza taratibu, manyoya yanalala, mstari unanenepa. Ukishavuka bega unainua mkono huku bado unavuta, na mstari unaisha wenyewe kama mkia wa mjusi. Vidole havisogei, mkono wote unatembea kuanzia begani. Kabla ya kugusa karatasi napitisha brashi hewani juu ya njia ile mara mbili tatu, mpaka mkono uizoee. Kwa njia hiyo hiyo nilijifunza kuchanua kivuli: vistari vifupi vinavyoanza vinene kwenye weusi na kuchongoka kuelekea kwenye mwanga.

Brashi yangu ya kwanza niliiua kwa uzembe. Niliiacha usiku mzima bila kuiosha. Aina nyingi za wino mweusi wa India usiofutika kwa maji zina shelaki, utomvu unaoganda, na wino ukikauka pale manyoya yanapoingia kwenye pete ya chuma, ncha inapasuka vipande viwili na hairudi tena. Siku hizi sizamishi manyoya yote, naisuuza kila baada ya dakika chache, na nikimaliza kazi naiosha kwa sabuni, naichonga ncha kwa vidole na kuilaza ikauke. Iliniuma kuipoteza ile.

Jambo lililonisaidia kuchagua zana kwa uhakika ni kuchapa ukurasa mmoja kwa kipimo cha kitabu. Nachorea karatasi ya inchi 11 kwa 17, eneo la mchoro likiwa inchi 10 kwa 15, na kitabuni ukurasa hupungua hadi karibu theluthi mbili. Maana yake mstari wa milimita 0.2 unabaki kama 0.13. Vistari vya kivuli nilivyovibananisha kwa nibu ndogo viligandamana vikawa doa, na nyuso za watu wa mbali zikapotea. Nikaacha kushindana na vitu vidogo: kivuli kizito nakijaza weusi mtupu, na kila sehemu inayosubiri weusi naiwekea alama ndogo ya X kwa penseli nisije nikaisahau.

Raba nayo inapunguza weusi wa wino hata ukiwa umekauka. Kwa hiyo natumia penseli ya rangi ya samawati hafifu, naskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), kisha naiondoa samawati kwenye programu bila kugusa karatasi.

Mpangilio wangu sasa umetulia. Mistari ya fremu, visanduku vinavyozunguka picha, huanza, kwa kalamu ngumu na rula iliyogeuzwa, ukingo wake ulioinuka ukiwa juu ili wino usinyonywe chini yake. Macho, midomo na vidole ni vya nibu. Nywele, nguo na miti ni vya brashi, na weusi mkubwa huja mwisho. Natoka juu kushoto kushuka kulia, maana natumia mkono wa kulia na nimeshachafua kurasa za kutosha kwa kiganja.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule bibi. Nilikuwa nimeipiga picha penseli yake kabla ya kuiharibu, nikaichapa kwa samawati hafifu kwenye Bristol mpya na kuanza upya. Uso niliutia kwa nibu, mikunjo miwili mitatu tu pembeni ya macho. Shuka lilishuka begani kwa mpigo mmoja wa brashi. Mlango nyuma yake niliuchora kwa kalamu ile ile ya zamani, mstari mwembamba ulionyooka, na safari hii ulikaa nyuma.