Yeye Awapaye Watu Pumzi

Wapendwa katika Bwana, neno la juma hili linatoka Isaya 42:5, ambapo nabii anamtaja Mungu kuwa ndiye aliyeziumba mbingu na kuzitandaza, na katika mstari uo huo anamtaja kuwa ndiye awapaye pumzi watu waishio juu ya nchi. Wanaoandaa safari ya binadamu kwenda sayari ya Mirihi wamekutana na mambo hayo mawili kwa pamoja.

Umbali wenyewe unavukika: vyombo visivyo na watu hufika kwa muda wa miezi saba hivi. Kazi ngumu ni kuishi huko na kurudi, kwa kuwa kanieneo (yaani mgandamizo) ya hewa ya Mirihi haifikii hata asilimia 1 ya ile ya huku kwetu, na karibu asilimia 95 ya hewa hiyo ni hewa ya ukaa. Kwa sababu hiyo chombo cha Perseverance, kilichotua katika kreta ya Jezero mwezi Februari 2021, kilibeba kifaa kiitwacho MOXIE, ambacho kiliivuta hewa hiyo, kikaikandamiza, kikaipasha joto hadi nyuzi 800 za Selsiasi, kisha kikaitenga oksijeni kwa nguvu ya umeme. Tarehe 20 Aprili 2021 kilitoa takriban gramu 5, na hadi kilipomaliza kazi mwaka 2023 kilikuwa kimetoa gramu 122 kwa jumla. Mtu mmoja hutumia zaidi ya gramu 800 kwa siku moja! Tena oksijeni nyingi zaidi itahitajika kuunguzia mafuta ya roketi, kwani NASA, shirika la anga la Marekani, ilikadiria kwamba wanaanga wanne watahitaji tani 25 hivi ili tu waweze kunyanyuka kutoka huko.

Wapo ndugu wanaoilinganisha safari hii na mnara wa Babeli. Sikubaliani nao. Kiburi kinaweza kuingia humo, kama kinavyoingia hata mimbarini, lakini mtu aliyeihangaikia oksijeni gramu kwa gramu ameonyeshwa, pengine kuliko sisi, jinsi alivyo mhitaji, na akili aliyoitumia ni kipawa kutoka kwa Mungu yuleyule.

Linalonigusa zaidi ni kwamba mwezi uleule wa Aprili 2021, hospitali za India zilikuwa zikiishiwa oksijeni kwa wimbi la korona, na wagonjwa wakifa huku jamaa zao wakitafuta mitungi mjini. Sisemi kwamba kazi ya Mirihi iliwanyima pumzi. Nasema kwamba anayeshangilia gramu 5 zilizopatikana kule hana budi kumlilia pia aliyekosa mtungi hapa, maana pumzi zote mbili zina Mpaji mmoja.

Basi juma hili tuwaombee wanaanga wanaojiandaa, na wahandisi wao, na pia mafundi wanaotunza mitambo ya oksijeni katika hospitali zetu za wilaya; na panapo mtambo uliosimama kwa kukosa kipuri, ushirika uulize gharama yake.