Kesi ya udi

Juzi baada ya Isha binti yangu alifukiza udi. Alitokea mlangoni na chetezo mkononi, moshi umemtangulia, akauliza kabla sijafungua mdomo: "Mama, nikazime?" Nikamwambia aache, ila afungue dirisha. Alinitazama kama aliyeona paka kalala na panya. Humu ndani udi umepigwa marufuku tangu Ramadhani ya 2014, ile ya oda ya madera 26, kiliponishika kipandauso, kichwa kikali kinachokuja kwa mashambulizi, nikaushitaki udi; wakati ule yeye ana meno ya utoto.

Ilikuwa siku ya tatu ya mfungo, kwenye kibanda changu cha kushona, Ngamiani, Tanga, mimi na kijana wa mashine ya ovaloki na feni moja. Saa nane mchana nilikuwa natunga uzi. Nikaitazama sindano, haipo. Nikajua imekatika, maana jana yake zilikatika mbili kwenye lesi. Nikapapasa kwa kidole: ipo, nzima, inachoma. Nikahamishia macho kwenye kile kiguu kinachobana kitambaa, sindano ikarudi, pembeni. Nikaikazia macho tena, ikapotea tena. Mahali pake hapakuwa na giza wala weupe. Hapakuwa na kitu, na jicho lilikuwa limepaziba kwa rangi ya kitambaa, kama fundi stadi anavyotia kiraka usikione.

Nikafumba jicho la kulia, bado. La kushoto, bado. Kwa hiyo si jicho, ingawa siku ile sikujua maana yake. Kitu kinachoonekana kwa macho yote mawili, kila moja kwa zamu yake, kinatoka nyuma, kisogoni, kwenye sehemu ya ubongo inayopokea picha.

Halafu ikaanza kung'aa. Pale penye tundu palichomoza ukingo wenye meno, mweupe na mweusi na ubuluu kidogo, umepinda kama mwezi mchanga. Nimeshona miaka mingi na sina neno lingine: ulikuwa mshono wa zigizaga, ule wa kufungia kitambaa kinachochanika, ila ulikuwa unatetemeka kama taa ya tyubu inayotaka kufa. Kila dakika mwezi ule unapanuka, unasogea kushoto. Nilimgeukia kijana nikaona sikio lake la kushoto na nusu ya pua. Nusu nyingine ya uso haikuwepo, na nusu iliyobaki ilikuwa inaniuliza, "Fundi, vipi?"

Zile zilikuwa dakika 20 na kitu. Nilikaa nimeshika ukingo wa meza, nikiusindikiza ule mshono mpaka ukatokea kwa pembeni na kuisha. Nikaona kila kitu vizuri: sindano, uzi, hata vumbi la kitambaa. Nikasema alhamdulillah, nikatunga uzi, nikashona mkono mmoja wa dera. Mkono wa pili sikuufikia.

Wanaoyajua haya wanasema ni wimbi linalotambaa juu ya ubongo polepole mno, kama milimita 3 kwa dakika, ndiyo maana dude lile linakua na kusogea. Kiharusi hakina subira hiyo. Kinakata mara moja. Hata hivyo anayeona hivyo kwa mara ya kwanza asikae kujipima kwa maneno yangu. Aende hospitali, hasa kama mkono umekufa ganzi, mdomo umepinda au ulimi umekuwa mzito.

Maumivu yalianzia juu ya jicho la kulia, yakawa yanadunda pamoja na moyo. Niliinama kuokota mkasi, nikajuta. Ikafika saa kumi, baada ya Alasiri, na jirani yangu wa manukato, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Udi, akawasha makaa yake kama kila siku. Harufu ilipoingia, tumbo lilipinduka. Nilitapikia kwenye ndoo ya vipande. Nikatoka nje nimeziba jicho moja na kumpigia kelele mbele ya wateja wake, ndani ya mwezi mtukufu, kwamba ananiua kwa moshi wake. Akachukua kopo la maji, akamwagia chetezo. "Pole, shoga," akasema. Hakuongeza neno.

Yaliyobaki yalikwenda haraka na vibaya. Ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine imo ndani ya Qur'ani, Sura ya Al-Baqara, lakini mimi nilijifanya mkali kuliko sheria. Nikasubiri Magharibi, nikameza vidonge viwili kwa juisi ya ukwaju, nikavitapika baada ya robo saa. Kesho yake nikapimwa malaria, hakuna. Presha, sawasawa. Kichwa kiliniachia alfajiri ya siku ya tano ya mfungo, nimelala sakafuni kwenye chumba chenye kanga mbili dirishani. Madera yalikwisha usiku wa kuamkia Idi, na mawili yana mikono isiyolingana. Wenyewe wanajijua.

Miaka miwili nilimshikilia Mama Udi. Kila kichwa kilipouma nilitafuta moshi, na Ngamiani moshi haukosekani. Aliyeivunja kesi yangu ni daktari mmoja asiye na maneno mengi. Nilimsomea mashtaka yote, yeye akaniuliza: "Jana yake ulikuwa unapiga miayo?"

Nilinyamaza. Kijana wa ovaloki alinicheka siku nzima ile ya pili kwa miayo yangu. Shingo ilikuwa ngumu, nikadhani ni kuinamia cherehani. Na wakati wa futari nilikula kaimati kama niliyetumwa. Hiyo yote, kumbe, ni kipandauso kimeshaanza. Kwa wengine miayo, shingo na uchu wa vitu vitamu hutangulia saa chache, kwa wengine siku nzima au mbili. Ndiyo sababu watu wengi huisingizia chokoleti: wameila kwa sababu kinakuja, si kimekuja kwa sababu wameila. Na pua kuchukia harufu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, sawa na macho kuchukia mwanga. Udi uliwashwa saa kumi; sindano ilipotea saa nane. Mshitakiwa alifika eneo la tukio kosa limeshatendeka.

Basi nani? Akaniambia nitumie daftari langu la oda, ukingo wa kushoto, mstari mmoja kwa siku: nimelala saa ngapi, chakula gani nimeruka, kahawa vikombe vingapi, siku ya hedhi, dawa gani na ngapi. Hata siku nzima isiyo na maumivu iandikwe, maana ukiandika siku mbaya tu, kila kitu kitaonekana mchawi. Miezi mitatu.

Kahawa ilikuwa ya kwanza kujitokeza. Nilikuwa nakunywa kahawa chungu vikombe sita kwa siku, na kashata, halafu mfungo unaingia naikata kwa usiku mmoja. Mwili uliozoea kafeini huanza kudai ndani ya saa 12 hadi 24, na siku ya pili ndiyo hukaba. Sasa wiki mbili kabla ya Ramadhani napunguza kikombe kimoja kila siku mbili mpaka kibaki kimoja, na hicho nakinywa daku. Usingizi ulifuata: tarawehe, cherehani mpaka saa nane usiku, daku, nilikuwa nalala muda wa saa tatu tu. Na zile siku mbili kabla ya hedhi, homoni zinaposhuka. Kimoja peke yake nakibeba. Vikikutana vitatu, sindano inapotea.

Dawa ndiyo ilinitia aibu. Nilihesabu: siku 19 katika mwezi mmoja nilimeza kitu, vingi ni vile vidonge vya parasetamoli vyenye kafeini ndani. Kumbe dawa ya maumivu ikizidi huzaa maumivu yake. Vya mchanganyiko, kuanzia siku 10 kwa mwezi; parasetamoli tupu au ibuprofeni, kuanzia siku 15; miezi mitatu mfululizo inatosha kukuharibia. Kuacha nako kuna bei, kichwa kilizidi kwa wiki nzima kabla ya kutulia. Muuguzi naye aliponisikia nataja zigizaga aliniondoa kwenye vidonge vya majira vya homoni mbili, kwa sababu mwenye kipandauso cha kuona taa vinamwongezea hatari ya kiharusi. Kabla yake hakuna aliyeniuliza ninaona nini. Walikuwa wananiuliza ninaumwa wapi.

Siku hizi maumivu yakianza tu, si yakiiva, nameza ibuprofeni miligramu 400 na ile ya kuzuia kutapika niliyoandikiwa, kwa glasi nzima ya maji. Mapema kwa sababu tumbo nalo husimama kazi kipandauso kikipanda. Kidonge cha saa ya tatu ya maumivu kinakaa humo kama shilingi kwenye kibubu. Mwenye vidonda vya tumbo au mimba asiniige. Kitambaa cha baridi kisogoni na juu ya jicho, mlango umefungwa. Propranololi, dawa ya kila siku ya kukinga mashambulizi, nilikataliwa kwa ajili ya pumu, nikapewa amitriptilini miligramu 10 za usiku. Nilipoimeza wakati wa kulala niliamka kama gunia. Nikaisogeza hadi saa mbili kabla, ikawa afadhali. Mdomo unakauka, hilo sijalitatua. Mashambulizi yameshuka kutoka manane kwa mwezi hadi mawili, mwezi mwingine matatu.

Na udi? Udi nao nimeuandikia mstari, maana niliunusa misibani na harusini. Mara nne haukufuatiwa na kitu. Mara mbili ulifuatiwa na maumivu, na moja ya hizo nilikuwa sijala tangu asubuhi. Kwa kipimo hicho fundi hakati kitambaa.

Juzi nilikaa na ule moshi nikihesabu miayo. Nilipiga mmoja, lakini ilikuwa saa nne usiku.

"Umenunua wapi?" nikamwuliza binti.

"Kwa Mama Udi, siku hizi yuko karibu na soko. Kaniuliza kama kichwa chako kilipona."

Nikamwuliza kauza bei gani.