Siku moja maishani mwangu: kusimamia mwanga wa kamera za HDR, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid

Saa 1 asubuhi. Jenereta kwanza, kisha gari la matangazo. Monita ya HDR, yaani picha yenye nafasi pana kati ya giza na mwanga mkali, huachwa ipate moto nusu saa kabla sijaipima. Ukiipima ikiwa baridi, rangi zinahama mechi ikiendelea. Naiweka kwenye HLG, mfumo wa HDR wa matangazo, kilele niti 1,000 (niti ni kipimo cha mng'ao wa skrini).

Saa 3. Kebo za faiba, zinazobeba picha kwa mwanga. Kiini chake cha kioo ni mikroni 9 tu, na kiangazi cha Arusha kina vumbi la kutosha. Kila kichwa kinafutwa kabla ya kuchomekwa. Ukiruka hatua hii, picha inaanza kukatika mpiga kamera akigeuka ghafla.

Saa 5. Kamera zote zinatazama chati moja, kwenye jua lilelile. Kijivu cha asilimia 18 kinakaa kwenye asilimia 38 ya ishara ya HLG, nyeupe kwenye 75, yaani niti 203. Aliyezoea SDR, picha ya kawaida isiyo HDR, mkono humwasha aipandishe nyeupe hadi 100. Asiipandishe! Nafasi ile ya juu ni ya mng'ao wa jua kwenye mpira na jezi zenye jasho.

Saa 7 mchana. Grafiki. Ubao wa matokeo uliotengenezwa kwa SDR ukiingia bila kubadilishwa, weupe wake unafika niti 1,000 na kumuumiza mtazamaji macho. Nakagua pia lebo ya kila ishara: HLG ikiandikwa SDR kimakosa, kigeuzi kinaigeuza mara ya pili na nyasi zinakuwa za ajabu.

Saa 10 jioni, mpira unaanza, na kazi yenyewe ndiyo hii. Kivuli cha jukwaa kinakula uwanja taratibu. Upande wa jua unapata mwanga mara kumi hivi ya upande wa kivuli. Winga anatoka kivulini na mpira, hatua tatu yuko juani. HDR inabeba pande zote mbili. Lakini nyumba nyingi zinaangalia SDR, kwa hiyo macho yangu yako kwenye monita ya SDR inayotoka kwenye jedwali la kugeuzia HDR kuwa SDR, na airisi, tundu la lenzi linalopitisha mwanga, naisogeza kwa kuitazama hiyo. Nikifuata ile ya HDR peke yake, sura ya winga kule kivulini inakuwa nyeusi kwa watu wa nyumbani.

Airisi ya otomatiki sitaki hata kuisikia: kamera ikipanda kidogo ikakuta anga, wachezaji wote wanazama gizani. Naisogeza kwa mkono, polepole, mpira ukiwa mbali. Wingu likishuka kutoka Meru, kidole hakitoki kwenye kidhibiti.

Mapumziko. Kichujio cha kupunguza mwanga ndani ya kamera kinatoka kupitisha 1/16 ya mwanga kwenda 1/4. Ni sasa tu, kwa sababu gurudumu lake likizunguka kamera ikiwa hewani, mtazamaji analiona.

Saa 12. Vifuniko vinarudi kwenye vichwa vya faiba kabla kebo hazijaanza kukunjwa.